Maji ya Ijumaa yanakwisha Jumapili. Tuchimbe kisima?

Mwenyekiti_Kasarani · Jumapili, saa 3:10 usiku

Wadau, naomba mawazo. Wenye hasira na kanjo, yaani serikali ya jiji, naomba mziweke kando kwa dakika tano tu, mtazirudia baadaye.

Niko Kasarani, Nairobi, fleti ya ghorofa nne, nyumba 24, watu kama 70 ukihesabu na watoto wachanga. Mimi ndiye mwenyekiti wa wakazi, cheo nilichopata kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika. Zamu yetu ya maji ni Jumanne usiku na Ijumaa usiku. Chini ya ardhi tuna tenki la saruji la lita 24,000, juu ya paa matenki mawili ya plastiki. Presha ni ndogo, kwa hiyo zamu ikiisha tenki la chini huwa limefika nusu, siku njema nusu na kidogo. Maji ya Ijumaa yanakwisha Jumapili jioni. Kuanzia hapo hadi Jumanne tunaishi kwa bauza, lile lori la maji, lita 10,000 shilingi 7,000, na wiki ambayo mtaa mzima umekauka dereva hata simu hashiki.

Majirani wamechoka. Wamemleta mchimbaji visima, akazungukazunguka uani na vijiti viwili vya shaba, akasema maji yapo mita 260. Bei milioni 2.9, yaani 120,000 na ushee kila nyumba. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi ya wiki ijayo na wengi wameshaamua. Moyo wangu unasita na sijui kwa nini. Tuchimbe?

Mtungi20 · saa 3:22 usiku

Chimbeni. Halafu muanze kununua tokeni za stima za kuvuta maji kutoka mita 260. Na pampu itaungua siku ya ruracio, sherehe ya mahari, hilo halihitaji vijiti vya shaba kulijua.

Wamaasai waliita hapa Enkare Nyirobi, maji baridi. Siku hizi hata vuguvugu hatuyaoni.

FundiMstaafu · saa 4:05 usiku

Mwenyekiti, pole. Nimekula mkate wa mabomba na mitambo ya kusafishia maji kwa miaka 31, sasa nafuga kuku. Kabla ya kuchimba, nikueleze yanayokufikia yanatoka wapi, maana watu wengi wa mji huu hawajui.

Mji ulianza na chemchemi za Kikuyu, enzi reli ilipofika na Nairobi ikiwa stesheni na mahema. Hazikutosha. Likajengwa bwawa la Ruiru, likamalizika mwaka 1950, kisha Sasumua huko Nyandarua mwaka 1956. Mji ukaendelea kunenepa, hadi likaja Ndakaini kule Gatanga, Murang'a, likakamilika mwaka 1994. Hilo ndilo mama yao wote: mita za ujazo milioni 70, na zaidi ya asilimia 80 ya maji ya bomba ya Nairobi yametegemea huko. Yanasafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu, halafu yanateremka yenyewe kwa uzito wake hadi matenki ya Gigiri, hapa Nairobi. Hakuna pampu inayoyasukuma huko njiani. Ni mlima tu.

Sasa kila mvua ikinyesha sana naulizwa na vijana: "Mzee, Ndakaini limejaa, gazeti limesema, mbona mfereji mkavu?" Sufuria ikijaa uji, upawa hauongezeki ukubwa. Mtambo una kiwango chake cha kusafisha kwa siku na bomba lina kipenyo chake. Kabla ya miradi mipya, takwimu iliyokuwa ikitajwa ilikuwa lita milioni 525 kwa siku kwa mji mzima, na mahitaji yakitajwa kuwa zaidi ya milioni 800. Zamu zilipoanza Januari 2017 sababu ilikuwa ukame, bwawa lilikuwa limepungua kweli. Mwaka 2018 mvua ikaja, bwawa likajaa. Zamu zikabaki.

Na piga hesabu nyingine: milioni 70 gawanya kwa 525,000 (nimegeuza lita kuwa mita za ujazo). Unapata siku 133. Yaani mito ikikauka kabisa, bwawa lote linakwisha kwa miezi minne na siku chache.

Ndiyo maana likachimbwa handaki la Northern Collector, kilomita 11.8 chini ya mlima, linachukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta upande wa Ndakaini. Lita milioni 140 kwa siku. Na Karimenu II kule Gatundu Kaskazini, ambalo ni la Ruiru, Juja na Gatundu pia.

Sasa shika hapa. Maji ambayo kampuni ya maji ya Nairobi huyasafisha halafu yasilipiwe na mtu ni zaidi ya asilimia 40. Chukua 40 tu ya hizo milioni 525. Ni milioni 210. Handaki zima, pamoja na miaka yote ya kelele na mabilioni yake, ni 140.

Kwa hiyo swali langu si kama mchimbe. Ni hili: umewahi kupima tenki lako?

MamaTeo · saa 4:31 usiku

Kaka mwenyekiti, sisi tulichimba. Upande wa Lang'ata, miaka tisa sasa. Maji yanatoka, siwezi kukudanganya. Lakini mwanangu wa pili alipobadilisha meno yakaja na madoadoa ya kahawia. Daktari wa meno hakuuliza mara mbili: "Mnakunywa maji ya kisima?" Tukapeleka chupa mbili maabara. Floridi ilikuwa juu mara tatu ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaweka kama kikomo.

Na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nachemsha, nikijiona mama mwangalifu. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi haifi, maji yakipungua kwa mvuke ndiyo kwanza inakolea. Sasa ya kisima ni ya kufulia na chooni, ya kunywa tunanunua. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoipunguza, lakini mkaa huo una muda wake, lazima ubadilishwe, na hapo ndipo watu huchoka.

Jambo jingine. Kisima chetu kilianza na maji mita 140 chini. Mwaka jana fundi aliishusha pampu kwa mara ya pili. Kila ploti iliyotuzunguka nayo imechimba. Ni kama watu kumi wenye mirija mirefu kwenye glasi moja.

Mtungi20 · saa 4:40 usiku

Na glasi yenyewe si yenu. Sheria ya Maji ya 2016 iko wazi kwamba maji yote yanasimamiwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Bila kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji huyo wa vijiti vya shaba anawachimbia kesi. Muulizeni kuhusu kibali, mtaona anavyokumbuka kwamba ameacha gari vibaya.

Mwenyekiti_Kasarani · saa 4:52 usiku

MamaTeo, nimesoma ya meno nikaenda kumwangalia wangu akiwa amelala. Asante.

Mzee FundiMstaafu, kupima tenki vipi? Mita iko langoni, naisoma kila mwezi, lakini hiyo inahesabu yanayoingia.

FundiMstaafu · saa 5:08 usiku

Umejijibu. Unajua yanayoingia, hujui yanayotoka kwa njia ya mwizi.

Chagua usiku ambao si zamu yenu. Funga valvu ya mita ili tone lisiingie. Jaza matenki ya paa mapema watu wasipate shida, halafu zima pampu na uchukue fyuzi uiweke mfukoni, maana kuna mtu ataiwasha. Tafuta fimbo iliyonyooka, itie alama kila sentimita, uishushe hadi sakafuni, usome. Asubuhi kabla watu hawajaamka, soma tena. Tenki lililofungwa kuingia na kutoka halina sababu ya kushuka. Likishuka hata sentimita moja, zidisha kwa upana na urefu wa tenki.

Hilo la chini. La juu ni vyoo. Chemsha chai ya rangi, nzito, bila sukari (sukari ya nini?), mimina kikombe kimoja kwenye tangi la choo, usivute. Rudi baada ya dakika ishirini. Ukiona chai bakulini, ile raba ya ndani imekwisha na maji yanapita mchana na usiku. Huwezi kuyasikia. Choo kimoja cha namna hiyo kinaweza kula mamia ya lita kwa siku.

MamaKioski · Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Nimesoma yote nikicheka kwa uchungu. Mwenyekiti, nauza maji Mukuru, mtaa wa mabanda. Mnalalamikia mara mbili kwa wiki. Huku nikifungua kioski asubuhi nakuta foleni ya mitungi bila watu. Mtu anapanga mtungi wake usiku, anaweka jiwe juu, anaenda zake kibaruani, na mtungi unamshikia nafasi. Na hakuna anayeruka foleni ya mitungi! Bungeni wangekuja kujifunza.

Kawaida mtungi wa lita ishirini ni shilingi 5. Maji yakipotea ni 20, na wa mkokoteni anayekuletea mlangoni anataka 50. Familia ya chumba kimoja inaoga, inapika na kufua kwa mitungi mitatu kwa siku. Yule mwenye bauza analipa senti 70 kwa lita. Wa mkokoteni analipwa shilingi mbili na nusu. Sisi ndio wateja wa bei ya juu kabisa katika mji huu na hakuna anayetutumia kalenda ya Krismasi.

Kule Mathare, mtaa mwingine wa mabanda, waliweka mashine za kadi mwaka 2015, unagusa kadi maji yanatoka, wakati huo senti 50 mtungi. Wazo zuri. Lakini mashine ni mfereji tu, bomba nyuma yake likikauka nayo inakuangalia kama wewe unavyoiangalia.

Kuna kitu wazee wa mabomba hawakusema. Haya mabomba ya tambi mnayoyaona yamelala ndani ya mitaro, kila moja lina viungo vya mpira vilivyofungwa na kamba. Presha ikiwepo maji yanatoka nje kupitia nyufa. Zamu ikiisha bomba linabaki na ombwe, linavuta. Linavuta nini? Kile kilichomo mtaroni. Kwa hiyo maji ya kwanza ya zamu mimi siyauzi. Nayakinga kwenye beseni nyeupe. Siku nyingine yanakuja na rangi ya majivu na harufu. Hayo ni ya kuoshea sakafu. Mkisikia kipindupindu kimepita Mukuru jueni kilipita humo.

Mkulima_Gatanga · saa 1:40 asubuhi

Habari za asubuhi wana-Nairobi. Mnazungumzia maji yetu bila sisi, kama kawaida.

Shamba langu liko kwenye mteremko unaoangalia Ndakaini. Chai juu, majani ya nepia katikati, mahindi kidogo chini. Nikisimama mlangoni naona bwawa. Nikitaka maji ya kunywa nashuka kwa miguu hadi kijito, kwa sababu bomba kubwa linapita na mfereji haupo. Hilo Murang'a tumelisema kwa miaka, na kaunti imedai hadi sehemu ya mapato ya maji hayo. Handaki lilipoanza watu waliogopa mito ya chini itakauka. Wahandisi walisema litachukua maji ya ziada, ya mafuriko. Sisi tunaangalia mito, sio karatasi.

Lakini sikuja kugombana. Nimekuja kuwaambia nyumba ya maji sio bwawa. Ni udongo wa mteremko. Babu yangu alilima kufuata mlima, kutoka juu kwenda chini, kama wengi. Aprili mvua ikishuka mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ile ilikuwa mbolea yangu inakwenda kuwajazia bwawa tope. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, shirika la The Nature Conservancy na wenzao. Wakaja na kitu rahisi: kata matuta, panda nepia kwenye kingo, acha ukanda wa mto usilimwe, chimba bwawa dogo la plastiki la kuvunia maji ya mvua. Nilidhani ni siasa. Nilikata matuta kumi na moja kwa jembe, mgongo ukaniambia maneno. Leo mvua ikinyesha naona maji yanasimama kwenye tuta, yanafikiria, halafu yanazama. Ng'ombe wanakula nepia. Udongo umebaki.

Yale yanayozama Aprili ndiyo yanatoka kwenye chemchemi Agosti. Kwa hiyo mwenyekiti, mfereji ukitiririka bure Kasarani, mgongo wangu unausikia.

FundiMstaafu · saa 2:02 asubuhi

Mkulima, nakuvulia kofia. Mto ukija na tope, mtamboni tunamwaga shabu ya kugandisha lile tope kwa magunia, na vichujio vinaziba vinataka kuoshwa kila mara. Na vinaoshwa kwa nini? Kwa maji yaleyale tuliyokwisha kuyasafisha. Kila tuta lako ni gunia ambalo halikufunguliwa Ng'ethu.

Mdau_Tabata · saa 2:30 asubuhi

Wakuu, salamu kutoka Dar. Nimejifunza msamiati: nyie mnasema bauza, sisi boza. Mtungi wenu huku ni dumu, tenki la plastiki ni simtanki. Shida ndiyo jina lake halibadiliki.

Sisi tegemeo ni mto Ruvu. Oktoba 2022 Ruvu ulipungua jiji zima likawekwa kwenye mgao, matajiri wa Masaki na watu wa uswahilini Manzese wote madumu mkononi. Bwawa la Kidunda ndilo tunalolisubiri. Visima navyo, ukikaribia bahari unavuta chumvi. Jirani yangu sabuni haitoi povu kwake, anaogea kama anajisugua na mchanga.

Endeleeni, nafuatilia hiyo fimbo.

Mwenyekiti_Kasarani · Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Nimelala masaa manne. Ngoja niwaambie.

Jana Jumatano saa tatu usiku nimefunga valvu ya mita, nimezima pampu, fyuzi mfukoni. Fimbo nimeazima kwa fundi wa mbao wa chini, nikaitia alama kwa kalamu ya wino. Nimefungua kifuniko, nimeshusha fimbo na tochi ya simu mdomoni. Sentimita 108. Keateka wetu, mtunza jengo, alikuwa amesimama kando ananiangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Saa kumi na moja alfajiri: 104.

Nikafuta fimbo, nikarudia. 104. Tenki letu ni mita nne kwa tatu, kwa hiyo sentimita nne ni lita 480. Kwa masaa manane. Hiyo ni lita 60 kila saa, 1,440 kwa siku. Nimekaa kwenye ngazi nikihesabu: tukisema mtu apate lita 50 kwa siku, tenki letu linalisha watu 29 ambao hawaishi hapa.

Chai ya rangi nayo: vyoo saba kati ya 24. Cha saba ni changu.

MamaTeo · saa 12:41 asubuhi

Cha saba ni changu! Haki nimecheka hadi nikaamsha mtu.

FundiMstaafu · saa 1:05 asubuhi

Sawa kabisa. Sasa acheni watu watumie hadi likaribie kwisha, mwingie ndani. Angalieni kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, na kila mahali bomba linapopenya. Kifuniko wazi saa nzima kabla mtu hajaingia, na mwingine abaki juu. Tenki limewahi kuua watu kwa hewa mbaya, sio kwa maji.

Na jueni hili: ufa unaotoa maji unaweza kuyaingiza. Mvua ikilowesha udongo wa nje na tenki likiwa chini, uchafu wa uani unaingia. Mkimaliza kuziba, sugueni, tieni klorini kwa kipimo cha pakiti, mmwage, ndipo mjaze.

Mtungi20 · saa 1:30 asubuhi

Nampongeza mwenyekiti, lakini niharibu sherehe kidogo. Mzee alisema mji unapoteza asilimia 40. Si zote zinazama ardhini. Nyingine zinaibwa: mtu ana laini ya siri anajazia mabauza yake, na bauza hiyohiyo inakuja kukuuzia. Maji yaliyoibwa hayajapotea, kuna mtu ameyanywa, mara nyingi ni mimi. Mkiziba nyufa zote bado huyo yupo. Fimbo haimpimi.

Katiba kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mimi huisoma nikiwa kwenye foleni, inapunguza kiu.

FundiMstaafu · saa 1:48 asubuhi

Kweli tupu, na hilo nililijua nilipoandika. Dawa ya huyo ni mita kwa kila mtaa, ujue yaliyoingia Kasarani na yaliyolipiwa Kasarani. Tofauti ikiwa kubwa unatafuta njia ya panya. Ni fimbo ileile, kubwa tu, na inataka mtu asiyeogopa kuishusha.

BintiHesabu · saa 3:15 asubuhi

Samahani kuchelewa. Hakuna aliyetaja mvua na inaniuma. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, ndiyo hesabu rahisi kuliko zote duniani. Mwenyekiti, paa lenu lina ukubwa gani?

Mwenyekiti_Kasarani · saa 3:20 asubuhi

Mita 15 kwa 12.

BintiHesabu · saa 3:34 asubuhi

180. Nairobi hupata kama milimita 900 kwa mwaka, mwaka mwingine zaidi. 180 mara 900 ni lita 162,000. Toa sehemu ya tano kwa mvuke, mfereji wa paa unaofurika na ile mvua ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Unabaki na kama 130,000. Nyinyi watu 70 kwa lita 50 mnatumia 3,500 kwa siku. Gawanya: siku 37.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mvua itawatosha, fleti ina watu wengi na paa dogo. Lakini ni siku 37 za bure. Mvua moja ya milimita 20, ile ya dakika arobaini ya Aprili inayosimamisha matatu Thika Road, ni lita 3,600 kabla ya kutoa ile sehemu ya tano. Siku nzima ya ploti yenu inashuka kwenye mtaro mkiiangalia. Aprili na Mei 2024 Mathare mto ulibeba nyumba na watu wake, na wiki hizohizo kuna waliokuwa wakinunua maji kwa mtungi.

Hiyo lita 50 sikuitoa hewani. Cape Town mwanzoni mwa 2018, mabwawa yalipokuwa yanakwisha, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Wao iliwashtua. MamaKioski kasema wateja wake wanatumia mitungi mitatu kwa chumba.

MamaKioski · saa 4:10 asubuhi

Lita 60, watu wanne. Sisi tulifika Cape Town zamani bila ndege.

Mwenyekiti_Kasarani · Jumatatu, saa 2:15 usiku

Wadau, mkutano ulikuwa Jumamosi. Kabla ya mkutano, Ijumaa mchana tenki likiwa karibu tupu, fundi aliingia. Kwenye kona ya upande wa ukuta wa jirani, kiganja kimoja kutoka sakafuni, akakuta ufa, na ndani ya ufa mzizi mwembamba kama kidole cha mtoto, mwekundu, wenye nywele nyingi za kunyonya. Ni jakaranda ya nje ya ukuta. Januari yote majani ya mtaa mzima yalikuwa vumbi, ule mti ulikuwa kijani, na sisi tulikuwa tunapiga picha chini yake.

Mzizi umekatwa, ufa umepanuliwa kwa patasi, ukazibwa kwa saruji ya kuzuia maji. Raba za vyoo saba. Jumla yote na kazi: 23,400. Zamu ya Ijumaa tuliikosa kwa sababu saruji ilikuwa haijakauka, tukanunua bauza mbili.

Kwenye mkutano niliweka fimbo mezani badala ya hotuba. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu akaniuliza kama hiyo ndiyo ya kuwachapa. Kisima kimeahirishwa, hakikufutwa, kuna nyumba tisa bado zinakitaka na nimewaambia waje na kibali na cheti cha maabara. Tumekubaliana 6,000 kila nyumba kwa mifereji ya paa na tenki la mvua la kuoshea ngazi na vyoo. Kwenye pesa za bauza hatukukubaliana, watu wa ghorofa ya nne wanasema presha yao ni ndogo hivyo walipe kidogo. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Mkulima_Gatanga · saa 2:50 usiku

Na jakaranda?

Mwenyekiti_Kasarani · saa 2:58 usiku

Ipo. Sio yetu, ni ya jirani.

Mwenyekiti_Kasarani · Alhamisi, saa 11:25 alfajiri

Jana saa tatu usiku: 112. Sasa hivi: 112. Keateka ndiye aliyeshusha fimbo, mimi nilishika tochi.